Vitundu Kwenye Kitako cha Bunduki

Kilichonitoa mtaa wa Huruma, Nairobi, kwenda milima ya Machakos ni ufa wa mbao ambao sikuwa hata nimeuona. Nasema hivi mapema kwa sababu majirani wengi waliniuliza nilifuata nini kwa mzee wa bunduki, na kila mmoja alikuwa na jibu lake kabla sijafungua mdomo. Mimi ni fundi wa vitanda Gikomba. Shule niliachia darasa la saba, na haya nayatoa kwenye daftari nililoandika kila siku ya safari ile, kwa hiyo mkiona mahali nimejikanyaga, nivumilieni.

Karibu na kibanda changu alikuwa akiuza nguo za watoto mama mmoja anaitwa Mwende. Jumanne moja, katika ile miaka ya tisini ambayo ukitaja bunduki mtaani watu wanafunga madirisha, alikuja akasimama karibu sana na meza yangu.

"Fundi, unaweza kuunga mbao iliyopasuka bila kupiga msumari?"

"Inategemea ni mbao ya nini."

Akatazama huku na huku. "Ya bunduki."

Patasi ilinitoka mkononi.

Akaniambia nisiwe mwoga, jambo lenyewe lina karatasi. Baba yake, Mzee Mutiso, alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu, na tangu ujana wake anakusanya bunduki ndogo za zamani kwa cheti cha serikali. Zimebaki tatu. Moja kati ya hizo ni adimu mno, hata risasi zake hazitengenezwi tena popote. Amebakiwa na risasi mbili tu, na jicho lake la kulenga limeanza kuingia mtoto wa jicho. Anataka kuzipiga akiwa bado anaona, lakini kitako cha bunduki, ile sehemu ya mbao inayoegemea bega, kimepasuka.

"Si uniletee mbao peke yake hapa?" nikauliza.

"Kitako cha bunduki, Gikomba? Ukikutwa nacho utamweleza nani?"

Hapo alinishinda. Tukakubaliana Ijumaa.

Mke wangu, Mama Simiyu, hakukubali upesi hivyo. "Baba Simiyu, mtaa mzima huu, watu wanakimbia bunduki. Wewe unaifuata kwa basi!"

"Naifuata mbao."

"Ukirudi na tundu mwilini usiniambie ni la msumari."

Kwa kweli hata mimi nilikuwa nauliza ndani ya moyo kama ninaiweza kazi hiyo. Kitanda kikilegea mwenyewe anarudi kunitukana na yanaisha. Kitako cha bunduki kikilegea, sijui.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nikatoka Huruma kwa miguu, gunia la vifaa begani: randa ndogo, patasi tatu, tupa, msasa, na kopo la gundi ya ngozi, ile ya kupasha moto. Nikakata Pumwani, ambako kina mama wa Majengo walikuwa wameshaanza kukaanga mahamri, nikashukia Gikomba. Mvuta mkokoteni mmoja anayenijua akapiga kelele, "Fundi, niaje! Unahama au umefukuzwa?" Nikamwambia naenda kumtibu mgonjwa wa mbao. Akacheka, akasema nimsalimie.

Mwende alikuwa ananingoja kwenye kituo cha mabasi ya mashambani. Ndani ya basi alikaa dirishani, akaniambia mama yake, Ndunge, alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo baba yake hajapiga ile bunduki adimu hata mara moja. Nilisikia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza gundi. Laiti ningesikia vizuri.

Saa nne tukashuka kwenye kisoko kidogo chini ya mlima, tukapanda kwa mguu karibu saa nzima kati ya matuta ya mahindi na nyua za mkonge. Jua la huko haliombi ruhusa. Mbwa wawili walitangulia kutupokea, na nyuma yao Mzee Mutiso, mrefu, mwembamba, kofia ya reli kichwani ingawa hakuna treni inayopita mlima huo.

"Huyu ndiye fundi?" akamwuliza binti yake.

"Ndiye, baba."

"Mbona ana mikono ya vitanda?"

"Ni vitanda ninavyotengeneza, mzee," nikasema.

"Basi umesema kweli. Karibu."

Kabla ya chai alinionyesha cheti chake, kisha sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Akafungua, akazitoa moja moja, na kila alipotoa moja alinionyesha kwanza kwamba haina kitu ndani. Nilikuwa natarajia vitu vya kutisha. Nikaona vitu vyembamba, vya kale, vilivyopakwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga.

Ya kwanza ilikuwa ya kufundishia wanafunzi shabaha, ina wenzo chini, ukiuvuta chuma kinashuka na kuacha mlango wa kuingizia risasi moja tu. Aliipata kwa mwalimu mmoja wa gwaride aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Ya pili ilikuwa ya viwanja vya maonyesho, unasukuma mkono mbele na nyuma kama anayepiga bomba la maji. Hizo mbili risasi zake zipo madukani kwa wenye vyeti, naye huzipiga mara kwa mara. Ya tatu ndiyo hiyo. Mtutu wake una pembe nane. Nyuma yake kuna kipande cha chuma kinachobingirika kufunga mlango, kama jicho linalofumba. Aliinunua kwa mjane mmoja wa shamba la mkonge, wakaenda pamoja ofisini kubadilisha jina kwenye karatasi.

"Sasa tazama hii," akasema, akaniwekea risasi moja kiganjani. Ilikuwa fupi na nene, shaba yake imegeuka rangi ya chai. "Geuza chini. Unaona nini?"

"Sioni kitu. Ni bapa."

"Ndiyo. Risasi nyingine zina kidude katikati, hapo ndipo zinapopigwa. Hii haina. Baruti ya kuwashia imefichwa kwenye ukingo wake, kuzunguka pande zote, kama pindo la sufuria. Nyundo inabana ukingo, moto unawaka. Lakini ukingo ukishapondeka na kuwaka, ganda halijazwi tena. Zile nyingine watu wanajaza upya. Hii ikipigwa imekwisha, kama mtu."

Nikamrudishia risasi yake kwa mikono miwili.

Kisha akafungua skrubu, akatenganisha mbao na chuma. Chuma akakifungia sandukuni. "Mbao ni mbao, fanya nayo kazi," akasema. "Chuma ndicho bunduki. Utakapohitaji kukilinganisha, utaniita." Mwende akaniwekea meza chini ya paa la ghala, na mzee akaenda kulala kidogo kwa sababu ya jua.

Kitako kilikuwa cha mbao nyeusi-nyekundu ya Ulaya, nyuzi zake zimejipinda vizuri ajabu. Ufa ulitoka kwenye tundu la skrubu ukashuka kiasi cha kidole. Nilipasha gundi moto, nikaufungua ufa kidogo kwa ncha ya patasi, nikapenyeza gundi, nikaubana kwa kamba ya mkonge iliyosokotwa. Kazi ilienda vizuri. Na hapo, nikiwa nangoja gundi ishike, mkono wangu ukafanya uliyoyazoea.

Lazima niwaeleze kuhusu Gikomba. Sisi wa vitanda tunanunua mbao za masanduku ya mizigo, na nyingi zina vitundu vya dumuzi, yule mdudu anayekula mbao. Mteja akiona kitundu kwenye kitanda hanunui, anasema hapo ndipo kunguni atajenga. Kwa hiyo fundi akiona kitundu anakiziba: vumbi la mbao hiyohiyo, gundi kidogo, dole gumba, msasa mwepesi. Hatufikiri. Ni kama kufunga kifungo cha shati.

Kitako kile kilikuwa na vitundu vidogo pande zote mbili. Nikaviziba vyote. Sitaficha: viliniambia kitu. Vilikuwa vimejipanga, na dumuzi hajipangi. Lakini mkono ulikuwa umetangulia akili, na nilipomaliza nilifurahi. Mbao ilikuwa safi. Nikafikiri mzee atanisifu.

Saa kumi Mwende akaleta chai. Akaweka kikombe, akakigusa kitako, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Fundi, alama za mama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Vitundu! Vilikuwa hapa. Huku vya baba, huku vya mama."

Akanieleza akiwa amesimama, na kila neno lilinishusha. Wazazi wake walikuwa wakishindana. Kila Krismasi na kila Pasaka, risasi moja ya mzee na moja ya Ndunge, kifuniko cha soda kwenye tuta la udongo, hatua hamsini. Aliyepata alitoboa kitundu upande wake kwa sindano ya cherehani, kushoto kwa mzee, kulia kwa Ndunge. Aliyekosa hakutoboa kitu. Miaka kumi na miwili. Ndunge alikuwa akisema anaongoza, mzee akisema waongo ni wengi duniani, risasi zikiisha ndipo watahesabu. Ndunge akafa kabla hazijaisha. Miezi mingi baada ya mazishi ndipo mzee akakaa peke yake akahesabu kwa kidole: kumi na tisa kushoto, kumi na tisa kulia. Tangu hapo anamwambia kila mtu kwamba walitoka sare.

"Na zile mbili zilizobaki?"

"Moja ni ya kwake. Nyingine ilikuwa ya mama. Anasema atapiga zote, kila moja kwa jina lake."

Nitakuwa mwadilifu kwa pande zote: mzee hakunieleza habari za vitundu. Mimi nami sikuuliza. Lakini yeye hakunilipia nauli nimzibie alama za mkewe. Kwa dakika moja nilifikiri kusema ni gundi ilimwagika. Kisha mzee akatokea, kofia mkononi, na nikasema kabla hajakaa.

"Mzee, nimekosea. Nilidhani ni dumuzi. Nimeviziba vyote."

Hakupiga kelele. Alichukua kitako akapitisha kidole upande wa kulia, taratibu, akaenda na kurudi. Mbwa mmoja akajikuna. Sijawahi kusikia mbwa akijikuna kwa sauti kubwa hivyo.

"Fundi," akasema mwishowe, "unajua kuziba. Unajua kuzibua?"

"Sijui, mzee. Nitajaribu kesho kukiwa na mwanga mzuri."

"Utajaribu," akasema, akaingia ndani. Muthokoi niliopewa jioni, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ulikuwa mtamu, nami nikaubakiza.

Jumamosi, jua lilipochomoza, nilikuwa mezani. Kitu kimoja kiliniokoa: gundi ya ngozi inaogopa maji ya moto. Ningetumia ile nyeupe ya chupa, mambo yangekuwa yamekwisha. Nikawa naweka kitambaa chenye maji moto juu ya kila doa, nangoja, kisha natoa vumbi kwa sindano ileile ya cherehani, ambayo Mwende aliipata kwenye kopo la vifungo la mama yake. Mwende alikaa kando yangu akinipashia maji. Kila nilipoona sindano imefika mwisho, nilikuwa napima kina kwa unyasi mmoja wa ufagio.

Upande wa kulia ulifunguka wote. Kumi na tisa, na vyote vya kina kimoja, vimeingia wima. Mkono wa Ndunge haukuwa na haraka.

Upande wa kushoto, kumi na saba vilikuwa hivyohivyo. Viwili vikanikatalia. Unyasi uliingia, ukapinda, ukaendelea kuingia. Nikagonga kitako kwa kifundo cha kidole na unga laini kama wa muhogo ukadondoka mezani. Sindano haipindi ndani ya mbao. Haiachi unga. Hivi viwili vilikuwa vya dumuzi wa kweli, aliyekula mbao huenda wakati bunduki imekaa bila kuguswa baada ya msiba.

Mwende aliona ninavyotazama. "Nini?"

"Hivi viwili si vya baba yako."

Alielewa upesi kuliko mimi. Akashusha sauti. "Fundi, nyamaza tu. Mzee ana furaha gani nyingine? Mwache na sare yake."

Nikaloweka kitambaa tena ingawa hapakuwa na doa lililobaki. Mwende hakuwa na ubaya, alikuwa anamhurumia baba yake. Na mimi nilikuwa nani, mtu wa jana, mwenye kosa bichi, kuja kumpunguzia mzee shabaha zake? Lakini kila nilipogeuza kitako niliona ule upande wa kulia. Huyu mama alikuwa amesema anaongoza, akaitwa mwongo kwa mzaha kwa miaka, na sasa shahidi wake wa pekee alikuwa fundi wa vitanda mwenye unyasi wa ufagio.

Mzee alikuja kulinganisha chuma. Kwanza tulifanya kazi: tukapaka masizi ya taa kwenye chuma, tukakikandamiza kwenye mbao, tukakitoa, na popote palipobaki doa jeusi nikachonga kidogo. Mara nne hivyo, mpaka chuma kikakaa kama kimezaliwa humo. Ndipo nikampa unyasi.

"Mzee, pima hiki. Sasa pima hiki cha mwisho huku kwako."

Akapima. Unyasi ukazama, ukapinda. Akautoa, akautazama karibu na jicho lake zuri. Akapima cha pili. Mwende alikuwa ameangalia mlimani.

"Dumuzi," akasema mzee.

"Dumuzi, mzee. Viwili."

"Kwa hiyo alinipita."

"Kwa viwili."

Akauweka unyasi mezani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikadhani nimemliza mtu mzima mbele ya mwanawe. Alikuwa anacheka. "Ndunge!" akasema, kana kwamba yuko jikoni. "Ulijua! Ulijua na ukaenda bila kuniambia!" Akafuta macho kwa kofia. "Mwende, leta bendera."

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba hiyo. Kabla ya kupiga, bendera nyekundu ya reli inapanda kwenye mlingoti wa mkonge na mzee anapuliza filimbi ya reli mara tatu. Nikaona majirani kwenye matuta ya mbali wakikusanya mbuzi bila wasiwasi, kama watu wanaopisha treni. Mpaka bendera ya kijani ipande, hakuna anayepita. Mzee aliniuliza kama nina hamu ya kushika. Kusema kweli nilikuwa nayo. Kabla sijajibu akasema, "Usijisumbue, cheti kina jina langu na la Ndunge, si lako," nikashukuru.

Kifuniko cha soda kikawekwa kwenye tuta. Mzee akalala kifudifudi, akaingiza risasi ya kwanza, akavuta pumzi. Tukasikia *tak*. Basi.

Hakuinuka. Mtutu ulibaki ukielekea kwenye tuta, naye akahesabu polepole mpaka sitini, kwa sababu, alisema, risasi nzee inaweza kufikiri kwanza. Kisha akafungua, akaitoa, akanionyesha. Ukingoni palikuwa na alama ndogo, pameumwa.

"Imekufa?" nikauliza.

"Imekataa upande huu." Akaizungusha nusu duara kwa vidole, akairudisha. "Ukingo ni mviringo, fundi. Una upande mwingine."

Mlio haukuwa mkubwa nilivyoogopa. Ulikuwa kama ubao mkavu unaovunjwa gotini. Mwende akapiga kigelegele kabla sijaona: kifuniko hakikuwapo.

Mzee alikaa kwenye nyasi na bunduki ikiwa wazi, tupu, mapajani. Akatoboa kitundu kushoto kwa sindano, akipima kwa dole gumba, si kwa jicho. Kumi na nane. Kisha akaichukua risasi ya mwisho, ile ya Ndunge. Akaiviringisha kiganjani. Akipata kwa jina la mkewe, watazidi kuachana. Akiipiga kwa jina lake na kupata, watatoka sare kama alivyodanganywa na dumuzi. Nilitazama bendera nyekundu ikipepea.

Akairudisha kwenye kopo.

"Mwache abaki mbele kwa moja," akasema. "Nikimfikia nitakuwa na habari gani naye tena?" Akasimama, akapuliza filimbi, na Mwende akapandisha ya kijani. "Fundi, hivyo viwili vya dumuzi, ziba."

Nikaviziba. Nadhani sijawahi kuziba vizuri kama siku ile.

Jumapili asubuhi nilishuka mlima peke yangu, Mwende akabaki hadi Jumatatu. Mzee alinilipa tulivyopatana na kuniongezea mfuko wa muthokoi. Saa nane nilikuwa nikipita Pumwani, watu wakitoka makanisani, na Huruma nikamkuta Mama Simiyu mlangoni akinikagua kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ulipiga?"

"Hapana. Nilishika mbao tu."

"Na mbona unacheka peke yako?"

Nilimsimulia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe angempenda huyo Ndunge. Nami nilijifunza kitu kidogo, sijui kama kinatosha nauli. Sasa nikipata mbao yenye vitundu huwa natia unyasi wa ufagio kwanza, na mafundi wenzangu wananicheka kwamba napigia mbao ramli. Wacheke. Mbao nyingi ni dumuzi kweli. Lakini naangalia.

Mzee alifanyiwa upasuaji wa jicho baadaye, na Mwende anasema sasa anaona hadi mbuzi wa jirani ana masikio mangapi. Kila Mwende akirudi kutoka kwao baada ya Krismasi au Pasaka anapitia mezani kwangu kabla hajafungua marobota yake.

"Baba anakusalimia."

"Amepiga?"

"Bado yuko nyuma kwa moja."